Karatasi ya Pili ya Inspekta

Jumatatu, 4 Mei
Nimeamka saa kumi na moja, nimepiga pasi gauni la kazi. Halafu nikakumbuka hakuna kazi. Juma la tatu la mgomo wa walimu. Mgomo mkavu, ndivyo anavyouita Kasongo: hakuna kukanyaga shuleni, hata kuketi uani. Kasongo anafundisha darasa la tano, chumba cha pili kutoka changu, na ndiye msemaji wetu. Mtoto wake Kabedi na Ngoie wangu wako darasani kwangu, la sita. Dawati moja.

Redioni wajumbe wa Kinshasa wanabishana. Mmoja anasema shule ni mzigo wa Serikali, mwingine anasema kila mzazi abebe wake. Saa nzima. Hakuna aliyeuliza mwalimu anakula nini. Nimezima.

Alhamisi, 7 Mei
Masista wa shule ya sekondari wamejibu ombi la Ngoie. Bila cheti cha la sita, hapana. Na hawapokei msichana aliyetimiza miaka kumi na tano. Ngoie anatimiza Novemba. Mwaka jana aliugua, akarudia darasa. Mwaka huu ukipotea, basi tena.

Nimemfokea Ngoie kwa sababu ya mboga ya sombe iliyoungua. Mimi ndiye niliyeiacha motoni.

Jumamosi, 9 Mei
Siku ya posho, ndivyo tunavyoiita Jumamosi. Jina limebaki, posho yenyewe tunaisikia kwa watu wa mgodi.

Asubuhi ni salongo, kazi ya bure ya Serikali, kila mtu na jembe lake. Nimepata akili. Niliwaambia watoto wa la sita waje nyuma ya kanisa na majembe, daftari ndani ya nguo. Thelathini na wanne wamekuja. Kabedi pia, baba yake hajui. Nimefundisha kwa kuandika kwa makaa juu ya mlango wa zamani. Kijana wa Parti, chama cha Serikali, alipita, akaona majembe, akatusifu kwa kulipenda taifa. Nimecheka mpaka machozi. Kisha machozi yakaendelea yenyewe.

Ninamdanganya Kasongo. Najua.

Jumatano, 13 Mei
Wizara imesema: asiyerudi kabla ya Jumatatu amejifukuza kazi. Kasongo ametukusanya kwake. Tusirudi hata mmoja, anasema. Wakimpata mmoja tu aliyerudi, watasema shule imefunguka na waliobaki nyumbani ni watoro. Tumeinua mikono kukubali. Wangu ulikuwa juu kuliko yote.

Ijumaa, 15 Mei
Inspekta amekuja nyumbani na orodha ya mtihani. Bila sahihi ya mwalimu wa darasa, watoto hawaandikwi.

"Citoyenne, iko ya batoto tu. Weka hapa. Na hapa."

Nimeona jina la Ngoie, namba kumi na tisa. Nimefurahi. Nimesaini. Chini kulikuwa na karatasi ya pili, juu yake neno moja, Présence, mahudhurio. Nikadhani ni ile ya kuitia watoto majina. Nikaisaini pia.

Kila siku nawaambia wanafunzi: soma kwanza, andika baadaye.

Jumanne, 19 Mei
Karatasi ya pili haikuwa ya watoto. Ilikuwa ya walimu. Jina langu peke yake, sahihi yangu peke yake. Redio imetangaza kwamba shuleni kwetu kazi imeanza. Kwenye mlango wa ofisi wamebandika majina ya waliofukuzwa. La kwanza, Kasongo. Ambao hawajatajwa wanakimbilia kusaini.

Sitoki ndani. Naona aibu mbele ya jirani, mbele ya mtoto wangu.

Alhamisi, 21 Mei
Kasongo amekuja. Hakupiga kelele. Heri angepiga.

"Mama Ngoie, bantu balisema ni weye. Minye nikakatala. Nikasema, ule mama hapana."

Nimemweleza yote: masista, salongo, karatasi ya pili. Nilimwambia nilidhani ni ya watoto.

Akauliza: "Kabedi naye iko ku liste?"

Iko, nikasema. Namba ishirini kwenye orodha.

"Bon, basi."

Akachukua kofia yake. Alifunga mlango polepole, kama mtu anayetoka kwenye nyumba ya mgonjwa.

Jumatatu, 1 Juni
Shule imejaa. Darasa la tano lina mwalimu mpya, kijana, anasoma majina ya watoto kwa shida. Kasongo yuko upande wa Kambove, wanasema anachoma makaa.

Nimevaa gauni la kazi. Nimeita majina. Ngoie akaitika, "Présente," kwa sauti ndogo.

Nikamwita Kabedi. Yuko dawati lile lile, sare imefuliwa, mikono juu ya daftari. Hakuitika. Nimemwita tena. Ananitazama tu.

Nilishika kalamu juu ya mstari wake katika daftari la mahudhurio. Sikuandika yupo, sikuandika hayupo. Nikaita jina linalofuata.