Kambale, Tumejua Unapolala

Kambale, mdogo wangu,

Mama ameinuka kutoka chini. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza. Tangu Trésor, mwenzako wa kazi huko, alipotupigia simu kusema umeanguka kutoka juu ya jengo mlilokuwa mnajenga, na kwamba hukufika hospitali ukiwa hai, mama alilala kwenye mkeka sebuleni kwangu. Alikataa kitanda, akakataa maji ya moto, akakataa tufunge matanga. "Mi hapana toka hapa chini mpaka nijue mutoto wangu analala fasi gani," alisema. Na sisi wengine wote, na masomo yetu na simu zetu, hatukujua tuanze kutafuta wapi.

Jina tulikuwa nalo. Chypre. Ulilitaja wewe mwenyewe siku ulipopata visa, ukalirudia mara nyingi hata watoto wangu wakawa wanaliimba uani. Lakini hakuna aliyejua liko upande gani wa dunia, wala jirani zake ni nani.

Nilipokwenda redioni kutangaza kifo chako, mtangazaji aliniuliza ulifia wapi. Nikamwambia Chypre. Akaacha kalamu hewani. "Njo wapi?" Nikasema sijui vizuri, ni mbali, kuna bahari. Akafikiri kidogo. "Tuweke tu Bulaya, mama. Batu bataelewa." Basi ndivyo Butembo nzima ilivyosikia. Waliotangazwa kabla yako walitajiwa mahali mpaka mlima: huyu amefia Kasugho, atazikwa karibu na kanisa, wapitie njia ya juu. Wewe peke yako ulifia Bulaya.

Na watu walielewa kweli, kila mmoja kwa namna yake. Mjomba aliuliza ndege ya kukuleta itashuka lini, na kama wazungu watalipa. Mama mmoja wa chama cha kanisa alinishika mkono akasema angalau umefia mahali pazuri. Kambale, nilitaka kumpiga. Nilimwekea chai, lakini nilitaka kumpiga.

Nikaanza kuuliza. Nilianza na patron anayetuletea vipuri vya pikipiki, vile ninavyouza dukani. Huyu unamjua, kwenda Guangzhou kwake ni kama kwenda sokoni. Anajua mtaa wa minyororo na mtaa wa matairi, anajua pa kupata ugali kule. Nikamuuliza Chypre ni wapi. Akasema hakuna bidhaa inayotoka kule. Nikamuuliza, na hiyo Guangzhou yako, ukitoka nje yake unakuta nini? Akatafakari vizuri kabisa, mzee wa watu, kisha akasema, "Aéroport."

Uwanja wa ndege! Nilicheka, na nilikuwa sijacheka tangu ufe. Baadaye nilipokuwa peke yangu nikaona kwamba na mimi ni vilevile. Mimi najua Mombasa kwa sababu makontena yanakwama kule. Najua Kampala kwa sababu ya mabasi. Mahali ambapo hapatuletei kitu, kwetu hapapo. Na mahali pengine tunapopajua ni pale panapotukimbiza. Mtoto wa Beni atakutajia vijiji vya barabara ya Kasindi kimoja kimoja bila kukosea, na si mwalimu aliyemfundisha. Amejifunza kwa kusikiliza watu wazima wakiulizana gari limechomwa wapi leo. Muulize Misri iko upande gani, atakuangalia tu.

Shuleni tulifundishwa, ni kweli. Unakumbuka tulivyokuwa tunaimba majirani wa Kongo, darasa zima, bila ramani yoyote ukutani? Wewe Angola ilikuwa inakutoka kila mara, na siku moja ukaijazia nafasi yake kwa kusema Butembo. Mwalimu alicheka mpaka akasahau kukuchapa. Wewe mtu wa namna hiyo, ulipokuwa unabeba abiria kwa pikipiki, hakuna mtaa wa mji huu uliokushinda. Mtu akisema tu "pale kwa mama wa maharagwe," ulikuwa umeshafika. Ndiyo maana naumia. Wewe uliyekuwa unajua kila kona, walikupoteza kwa neno moja.

Yule bwana wa dossier, wa makaratasi ya safari, aliyekutafutia shule alikwambia Chypre ni Bulaya, ukishafika unavuka tu kwa miguu mpaka Ubelgiji. Alisema hivyo mbele yetu, ameketi kwenye kiti changu, anakunywa soda. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza kama kuna nchi kavu katikati. Tulikusindikiza mpaka Beni, ukapanda gari la Kasindi, mpakani, umevaa koti la marehemu baba, na wiki hiyohiyo ulinipigia simu mimi dada yako mkubwa. "Yaya, huku kuko maji pande zote." Ulikuwa unacheka. Ulisema umepanda juu ya jengo la shule kuangalia, na kila ukigeuka ni bahari au milima inayoficha bahari. Nilicheka na wewe. Kisha nikasikia unavuta pumzi. Pumzi ile bado naisikia ninapofunga duka.

Siku hizi hakuna anayeniita Yaya.

Sasa nikwambie mama alivyoinuka. Abbé, padre wa parokia yetu, alikuja kusali na sisi, nikamwomba radhi kwamba hatujui hata kumwambia umezikwa wapi, ila ni huko Chypre. Akasema, kama mtu anayesema jambo la kila siku, kwamba kwa Kiswahili ni Kipro. Mama akageuza kichwa. Neno hilo amelisikia kanisani maisha yake yote, kila baada ya Pasaka, mitume wakipanda merikebu. Na mimi nimelisikia. Tulikuwa na Chypre ya visa, tulikuwa na Kipro ya kanisani, na hakuna siku mtu alituambia ni kisiwa kimoja.

"Kipro ya mitume?" mama akauliza. "Iko mu dunia hii?"

"Iko, mama. Avion inashuka pale," Abbé akajibu, akiishusha ndege kwa kiganja chake.

Alikaa akilifikiria. Kisha akaniuliza mimi, "Banalima nini?" Nikamwambia yale aliyonieleza Trésor, kwamba kuna machungwa, kuna ndimu, na viazi, viazi vingi, kwenye udongo mwekundu.

"Viazi," akasema mama. "Basi ni batu."

Akaomba maji ya moto. Kesho yake tulinyoa nywele, matanga yakafungwa.

Ningetaka kukwambia kwamba hapo na mimi nilipumua. Sivyo. Mama anaamini unalala kwenye udongo waliokanyaga watakatifu, na mimi najua mengine ambayo Trésor aliniambia pembeni. Kwamba kisiwa kimekatwa katikati na kuna mstari wenye askari. Kwamba upande ulikokuwa wewe, karibu dunia nzima inakataa kuuita nchi, ndiyo maana ulikuwa huwezi kutoka kwenda popote, ukabaki kwenye kazi ya kujenga. Mama aliyekimbia askari kule kijijini kwetu akaacha nyumba nyuma, nimwambie kwamba mwanawe alikwenda kuwakuta wengine? Nimenyamaza, na kunyamaza huku kunanichosha.

Juzi Trésor alituma picha ya kaburi. Ni kifusi cha udongo na ubao. Wameandika jina lako vibaya, na chini yake: AFRIKA. Basi. Nimeuangalia ubao huo mpaka macho yakauma. Sisi tulikuandika Bulaya, wao wamekuandika Afrika. Trésor mwenyewe ni mtu wa Lubumbashi, Mkongo mwenzetu kabisa, na bado aliponipigia mara ya kwanza aliniuliza, "Butembo, njo kule kwa vita?" Simlaumu. Mimi nami nikiulizwa Lubumbashi nitajibu shaba.

Ni mtu mwema, amesema atapaka rangi ubao upya kwa mkono wake, tumwambie tu aandike nini. Mimi nilisema aandike Kongo. Mjomba alisema aandike Butembo, mji mkubwa, una wafanyabiashara wa kutosha. Mama alikuwa anachambua maharagwe, hakuinua uso.

"Baandike Mabalako," akasema. "Njo kule nilimuzalia."

Nikamwambia, mama, hapo hata Lubumbashi hawapajui. Akanikumbusha kwamba wakati wa ule ugonjwa wa kutoka damu wageni wote walipajua. Walikuja na ramani, walijua kila njia ya shamba, walitamka jina letu kwenye redio zao asubuhi na jioni. Ugonjwa ulipoisha walifunga mahema, na jina wakaliacha palepale. Nikasema ndiyo, mama, lakini huko Kipro mtu akipita na kusoma Mabalako, hataelewa kitu.

"Aulize," mama akasema, akaendelea na maharagwe yake.

Nimempa Trésor maneno hayo kama alivyoyasema. Jina lako kamili, herufi kwa herufi, halafu Mabalako. Na mimi nikaongeza jambo moja bila kumuuliza mtu. Nimemwambia chini kabisa aandike namba yangu ya simu.

Pumzika, Kambale. Simu yangu sitaizima usiku wala mchana, na nakuahidi, mtu yeyote akipiga kutoka huko kuuliza Mabalako ni wapi, hata kama nina wateja, nitaketi chini nimweleze mpaka afike.

Yaya wako,
Masika