Sakafu ya Bibi Yako Ilipopoa

Øvergarden,
Folldal, Norwei.
Jumanne, 12 Februari

Mpendwa mpwa wangu Eldrid,

Salamu nyingi kutoka kwenye theluji, zifike huko Australia kwenye jua lenu zikiwa bado mbichi. U mzima? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa Krismasi kimekuachia? Na mumeo, bado anaogopa farasi? Mimi mjomba wako ni mzima kama chuma cha reli, isipokuwa goti la kushoto, nalo linauma kwa sababu ya kazi nitakayokusimulia hapa chini. Bibi yako anapumua vizuri, mapafu yamesafika. Yuko wapi, hilo utalijua ukisoma. Usiruke mistari.

Najua mama yako alikupigia simu, akalia, na simu ikakatika. Torunn ni dada yangu nampenda, lakini habari akiisimulia yeye hubaki machozi bila habari. Ndiyo maana nimeshika kalamu mimi, ingawa shule niliiacha mapema ili shule nayo ipumzike.

Baridi ya mwaka huu si ya kusimulia kwa mtu aliyeketi kivulini. Wiki iliyopita kipimajoto cha nje kilishuka hadi nyuzi thelathini na mbili chini ya sifuri, kisha kikakataa kuendelea. Nilimwaga nje kahawa iliyobaki kikombeni, ikafika chini ikiwa fimbo. Jirani ni shahidi, ingawa wakati ule alikuwa anaangalia upande mwingine.

Sasa habari yenyewe. Bibi alipokuwa bado amelazwa hospitali kwa mapafu, sakafu ya bafu lake ilikufa. Unalikumbuka lile bafu, liko upande wa kaskazini, halina jiko wala bomba la moto, joto lake lote linatoka kwenye waya uliolala chini ya vigae. Nilikwenda kulisha paka, nikaingia na soksi, nikahisi kama nimekanyaga ziwa. Nikawasha kile kiboksi cha ukutani kinachotawala joto, swichi ya usalama ikaruka. Nikairudisha, ikaruka tena.

Kwa siku nyingine ningesema haidhuru. Lakini Alhamisi ndiyo siku ambayo Annbjørg, muuguzi wa halmashauri, alipanga kuja kulikagua bafu. Alikuwa ameshasema wazi: bafu likifaa, Borghild, bibi yako, atarudi nyumbani kwake. Lisipofaa, kuna kitanda kimoja wazi kwenye nyumba ya wazee kule mjini, na jibu lake linatakiwa siku hiyohiyo. Kipasha joto cha kubeba Annbjørg hakitaki, eti maji na waya wa kuburuta si mambo ya mtu wa miaka themanini na minne. Nawe unamjua bibi yako. Wanaoingia nyumba ile hawarudi mlimani, na yeye alisema akipelekwa kule atageuza uso ukutani, hali wala hasemi.

Jumatano nikamwita Sjur, fundi umeme, yule mrefu mwenye masikio. Alivua viatu mlangoni, akafungua kiboksi, akaweka mita yake, akainama kama anasikiliza mgonjwa.

"Umeme unavuja kwenye sakafu," akasema. "Waya umetobolewa mahali."

Mama yako alikuwa amesimama mlangoni amekunja mikono. "Mahali gani, Sjur, kama si pale kaka yangu alipochimba na drili?"

Hapo nikueleze. Vuli iliyopita nilimfungia bibi chuma cha kushikilia karibu na choo. Miguu miwili ya chuma hicho nikaifunga sakafuni kwa skrubu ndefu, za kubeba ng'ombe. Sikuhitaji kupima, maana waya ule niliutandaza mwenyewe kwa mikono hii, Sjur akaja kuunganisha ncha tu. Sakafu ile naijua hata usingizini. Mgodini walikuwa wananiita niwaonyeshe shaba ilipo kwa kukanyaga tu.

"Torunn," nikasema, "skrubu zangu zimepita katikati ya waya na waya kama uzi kwenye tundu la sindano."

"Mwaka juzi ulisema hivyohivyo kuhusu bomba la jirani."

"Bomba lile lilikuwa limezeeka."

"Oddmund, mama akipelekwa kule kwa sababu ya skrubu zako, mimi sitakaa nawe meza moja tena. Hata Krismasi."

Alisema taratibu, bila kulia. Hapo ndipo nilipoogopa, mpwa wangu, maana mama yako asipolia ujue amemaanisha. Nilikitazama kile chuma, na nikwambie wewe peke yako, jasho lilinitoka kwenye lile bafu la barafu.

Sjur akasema lazima tujue ni wapi hasa, hatuwezi kubomoa sakafu nzima. Anayo mashine ya kupiga umeme mkali ndani ya waya, na pale palipotoboka panapata joto kidogo. Tatizo, joto lile linaonekana kwa kamera maalumu, nayo kamera alikuwa amemwazima mwenzake ng'ambo ya mlima, na barabara ya mlimani imefungwa kwa theluji hadi Ijumaa.

"Basi tungoje Ijumaa," akasema.

"Ijumaa mama atakuwa amelala kwenye kitanda cha watu," nikasema.

Nikatazama dirishani, na hapo akili ikaja. Theluji. Theluji haihitaji betri wala barabara. Ukiinyunyiza nyembamba juu ya sakafu iliyoganda, penye joto patayeyuka kabla ya pengine. Sjur akajikuna sikio.

"Sijawahi kuona mtu akifanya hivyo," akasema.

"Ndiyo maana umeniona mimi."

Lakini ili theluji ikae, ilibidi bafu lenyewe tuligandishe, na humo ndani mna mabomba ya maji. Tukafunga maji ya nyumba nzima, tukafungua mifereji yote mpaka ikakohoa hewa, chooni tukamwaga chumvi. Kisha nikafungua dirisha. Torunn alishika kichwa. Bomba moja likisahauliwa na maji ndani lingepasuka, na hapo hata Annbjørg tusingekuwa na haja ya kumngoja. Tulikaa jikoni karibu na jiko la kuni, tukanywa kahawa, tunasikiliza kila mlio wa ukuta.

Vigae vilipoganda vizuri, usiku umeshaingia, mama yako akaleta chekecheke yake ya unga. Nilijaza theluji nikaichekecha sakafuni, kutoka ukutani kwenda mlangoni, nyembamba kama sukari juu ya keki. Sjur akawasha mashine yake kutoka kwenye kiboksi, ikaanza kupiga, tak, tak, tak. Sote watatu tukachuchumaa kwenye ukumbi, macho kwenye miguu ya kile chuma changu.

Hakuna kilichotokea. Theluji ilikaa nyeupe. Goti langu lilianza kuniambia habari zake. Nilikuwa naitazama ile skrubu ya kushoto mpaka ikawa mbili, na mara kadhaa nilidhani naona doa.

"Pale," akasema Torunn.

Hakuonyesha kwenye chuma. Alionyesha mbele ya magoti yetu, pembeni mwa kizingiti cha mbao cha mlango. Doa jeusi dogo lilikuwa limetokea, likakua polepole, na uzi wa maji ukajipenyeza chini ya mbao.

Sjur akatoa patasi akang'oa kizingiti. Chini yake palikuwa na msumari. Si skrubu, msumari wa inchi nne, wa kupigilia paa la zizi, umepigwa wima kupita mbao, ukaingia kwenye zege. Ulikuwa umeukwaruza tu waya, ndipo unyevu ukaanza kuula taratibu mpaka ukakata roho. Na waya ulikuwa pale kwa sababu nilipoutandaza niliusogeza hadi mlangoni kabisa, ili mama yangu asikanyage ubaridi hata hatua moja.

"Kanuni inasema usifike hapo," akasema Sjur.

"Kanuni haina mama," nikamjibu.

Nilitaka Torunn aniombe radhi, nikamtazama kwa heshima zote. Yeye akachukua ule msumari, akaugeuza, akauliza ni wa nani. Wangu haukuwa, mimi natumia skrubu. Wa Sjur pia haukuwa. Tukaacha swali hapo maana Alhamisi ilikuwa imeshaingia na muda ulikuwa unatukimbia.

Sjur alichimba tundu dogo, akakata kipande kilichoharibika, akaunga waya mpya, akavalisha kile kimpira kinachojibana kwa moto. Akapima. Safi. Mimi nikakoroga saruji nikafukia, na tukafungulia maji. Hakuna bomba lililolia. Nikanyoosha mkono nikiwashe kile kiboksi, Sjur akanidaka kiganja.

"Hapana, Oddmund. Saruji ikipashwa joto ikiwa mbichi itapasuka, na kiungo kitaungua. Mpaka Jumatatu."

"Jumatatu? Muuguzi anakuja sasa hivi."

"Hata akija askofu."

"Washa kidogo tu, aingie, ahisi uvuguvugu, tuzime."

"Wewe ungelala juu ya waya huo? Basi na yeye asikanyage." Na mpwa wangu, yule mtu alikibandua kiboksi chote ukutani, akakitia kwenye mfuko wake wa chakula pamoja na mkate na jibini.

Tulikuwa bado tunagombea mfuko gari lilipoingia uani. Annbjørg hakuwa peke yake. Alikuwa na bibi yako, amevaa koti juu ya nguo za hospitali, amekataa kungojea majibu ya watu kitandani. Alishuka na mkongojo wake wa magurudumu, akatupita bila salamu, akaketi kwenye kiti chake jikoni.

Annbjørg alivua viatu, akaingia bafuni na soksi zake za sufu, akasimama katikati ya vigae. Unaweza kuficha waya mbovu kwa maneno, lakini soksi huwezi kuziambia kitu.

"Ni ya baridi," akasema.

Nilianza kumweleza kuhusu theluji na mgodi na hekima yangu, Torunn akanikanyaga mguu. Sjur akaeleza yeye, kwa maneno machache, akasema Jumatatu itakuwa na joto, anaweka jina lake rehani. Annbjørg akatikisa kichwa. Alisema anaamini, ila kitanda kinajibiwa leo, na leo bafu ni barafu. Kisha akauona msumari ukingoni mwa dirisha, akauliza ni kitu gani.

"Ni wangu," akasema bibi yako kutoka jikoni.

Tukageuka wote.

"Mama, msumari wa nini?" akauliza Torunn.

"Huyo muuguzi hapo alikuja baada ya mwaka mpya, akasukuma kizingiti kwa kidole cha mguu. Akasema kinacheza, nitajikwaa, hakifai. Nikaenda zizini nikachukua nyundo. Sasa hakichezi."

Hakuna aliyecheka. Bibi alikuwa anamtazama Annbjørg moja kwa moja. Annbjørg alitazama chini, pale kizingiti kilipokuwa. Hapakuwa na kizingiti tena, sakafu ilikuwa sawa kutoka ukumbini hadi chooni.

Akatoa simu, akatoka kwenye baraza bila viatu, na soksi zilezile, kwenye baridi ile. Kupitia kioo tuliona midomo yake tu. Torunn alinishika mkono wa koti.

Alirudi, akapiga soksi zake theluji itoke. "Kitanda wampe mwingine," akasema. "Lakini Borghild, mpaka Jumatatu utaoga kwa beseni hapa karibu na jiko, na Torunn alale hapa. Na nyundo naondoka nayo."

"Beseni nimeogea miaka arobaini," akasema bibi. "Nyundo utairudisha."

Jana Sjur alileta kiboksi, kinanuka jibini, akakifunga, akawasha. Swichi haikuruka. Zege halina haraka, tulikaa mchana kutwa tunapapasa vigae kama watu wanaotafuta hereni. Joto lilipopanda, bibi akaingia peke yake, akafunga mlango. Tukangoja. Akakaa, akakaa. Nikabisha, kimya. Nikaita mama, kimya. Torunn alishabadilika rangi. Niliona kila kitu mara moja, bibi yako chini, kichwa kwenye chuma changu, na nikausukuma mlango kwa bega.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, soksi amevua, nyayo zote mbili bapa juu ya vigae, macho amefumba.

"Funga mlango," akasema. "Joto linatoka."

Basi, mpwa wangu, yuko nyumbani. Nisalimie mumeo, na farasi wake. Mama yako anakusalimu, Sjur anauliza kama huko nako sakafu zina waya. Bibi anakubusu mashavu yote mawili na anasema usimtumie dawa, umtumie picha. Mungu akulinde njiani na kitandani, na miguu yako isikose joto popote utakapokanyaga.

Wako akupendaye daima,
Mjomba Oddmund