Kovu Nililopita Juu Yake

Shangazi, shikamoo. Naomba unishike mkono maana wiki ya tatu hii chakula hakishuki. Mimi ni daktari wa maabara, miaka ishirini na miwili natazama vipande vya mwili kwa darubini na kusema kuna ugonjwa gani, na mwaka juzi nilipokea kipande cha ini la mama mmoja mwalimu wa udereva, pombe hagusi hata tone ila ini lilijaa mafuta, nikaandika "mafuta mengi, kovu hakuna", akaambiwa apunguze uzito, akaenda zake. Sasa mwezi uliopita tumeletewa programu ya akili bandia tuijaribu, tukaipa picha za vipande vya zamani, na ilipofika kwa yule mama haikumaliza hata dakika, ikapaka rangi nyuzi nyembamba za kovu zinazokatiza ini, ikaandika kovu daraja la tatu kati ya manne, la nne likiwa ini lililoharibika kabisa. Nikacheka. Shangazi, nilikirudisha kile kipande kwenye darubini kwa hamu ya kuiumbua, nikatazama nusu saa nzima, na nyuzi zilikuwepo, moja baada ya nyingine, pale pale ilipoonyesha. Nilivua miwani, mwili umenisisimka, kama mtu aliyefunguliwa chumba asichokijua ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mkuu wangu anasema, "Hiyo ni ya majaribio, na mgonjwa hajalalamika, achana nayo." Mume wangu anasema nitajiharibia jina. Nami najiuliza, kama mashine inaona hivi, mimi nabaki wa nini?

Daktari wa Darubini

Marahaba, mwanangu. Pole. Nimekusoma mara mbili, na mwili umenisisimka hata mimi. Lakini hebu niambie: wiki tatu mnajadili jina lako, na ini la yule mama lisubiri kikao chenu kiishe? Ndiyo maana sikungoja gazeti litoke. Nilikupigia siku ile ile barua yako iliponifikia: andika ripoti mpya, weka sahihi yako, mkuu akikataa mwambie akatae kwa maandishi, kisha mpigie mgonjwa wewe mwenyewe.

Ulifanya, na kwa ruhusa yako na ya yule mama nawaeleza wasomaji. Mkuu hakuthubutu kukataa kwa maandishi, ripoti ikatoka. Mama alikuja, akakukaripia vilivyo, na ulistahili. Vipimo vipya vimethibitisha kovu, ila ini bado linafanya kazi yake, na matibabu ameanza. Kisha akasema, "Nionyeshe." Ukamkalisha kwenye kiti chako, mbele ya darubini. Akatazama muda mrefu kipande chake, rangi ya waridi ya dawa ya maabara na nyuzi nyekundu zilizopita katikati, akanong'ona, "Kumbe ndani yangu ni pazuri hivi?" Uliniambia mlilia wote.

Unabaki wa nini? Mashine ilionyesha mahali. Kurudi kutazama, kukubali umekosea, na kukaripiwa, hayo yalikuwa yako. Basi acha kujihurumia. Toa vipande vyote vya maini ulivyosoma mwaka ule, ipe mashine, na kila inapopingana nawe kaa utazame upya, mwenzako akiwa kando. Anza kesho asubuhi.