Maelezo ya Mishi binti Hamidi Kuhusu Sindano ya Pili ya Kitanda Namba Sita

KITUO CHA POLISI, tarehe 16 Machi 1957, saa nne asubuhi, mbele ya Koplo Idarusi.

Jina: Mishi binti Hamidi. Umri: miaka arobaini na sita. Kazi: kushona nguo na kuuza mahamri. Makazi: Kaloleni, nyuma ya holi.

Mimi ni mamake nesi Muhiba Zahoro. Kaloleni nzima wanamjua. Ana miaka ishirini na tatu tu, na tayari ndiye mkubwa wa zamu ya mchana wodi ya wanawake, mkanda mwekundu kiunoni. Naomba mkanda uandikwe.

Mnamo tarehe 14 Machi, Alhamisi, saa saba u nusu mchana, nilifika hospitali kumtazama jirani yangu Benta, mke wa Okoth wa reli. Alikuwa amepasuliwa tumbo, yuko kitanda namba sita. Nilikwenda na wifi yangu Mgeni, aliyetoka Mombasa.

Saa nane kamili manesi hupokezana zamu. Huzunguka kitanda kwa kitanda. Anayetoka hutaja kila mgonjwa amepewa nini, anayeingia husikiliza. Daftari huandikwa baadaye. Anayetoka siku ile alikuwa Roseline Amolo. Huyo ana miaka minane pale, na mwanangu amempita cheo kwa kazi ya miaka mitatu tu. Tangu Muhiba avae mkanda, Roseline humsalimu kwa kidevu.

Saa nane u nusu Muhiba alikuja na sindano ya maumivu. Nesi mdogo, Anab, alishika sinia. Anab akasema, "Sista, huyu mama..." Mwanangu akamkata: "Ukiulizwa utasema. Shika sinia." Nikamkonyeza wifi. Mwanangu hana mchezo na wadogo.

Benta alilala. Hadi saa kumi alikuwa hashtuki hata kwa kufinywa, pumzi zinakuja moja moja. Daktari alikuja mbio. Ndipo ikajulikana Roseline alikuwa ameshamdunga saa saba na robo. Benta aliamka jana, alhamdulillahi, lakini Okoth amesema mkewe alitiliwa sumu, na Muhiba amevuliwa mkanda hadi kesi iishe.

Roseline anasema alitaja sindano ile mbele ya kitanda. Mimi nasema hakutaja. Alinyamaza makusudi, mwanangu aanguke. Nilikuwepo, sikumsikia.

Koplo ameniuliza nilikuwa nimekaa wapi saa nane kamili.

Nilikuwa barazani.

Wifi alikuwa amesema, "Kila barua nesi, nesi. Huyo nesi mbona simwoni?" Nikachungulia mlangoni nikamwita. Muhiba akasema, "Mama, tunapokezana." Nikamwambia, "Shangazi yako katoka Mombasa kukuona, nawe wamfichia uso?" Akaja. Nikamgeuza, wifi auone mkanda kwa nyuma. Wifi akapiga kigelegele kidogo. Muhiba aliporudi ndani, Roseline alikuwa kitanda cha tisa. Mwanangu alisimama hapo akaendelea kusikiliza. Hakuuliza vilivyopita. Mkubwa akiuliza mbele ya wadogo huonekana hajui. Mimi ndiye niliyemfunza hivyo tangu mdogo.

Koplo ameniuliza nani alikuwa kitanda cha sita wakati Roseline anataja. Ni Anab. Anab alisikia.

Basi ni mimi niliyemwita. Yeye alikataa mara moja, na mtoto wa Zahoro hamkatalii mamake mara mbili. Andika hivyo.

Niliyoyaona na niliyoyafanya ni hayo, na nimeyasema bila kulazimishwa.

(Sahihi) Mishi Hamidi

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi maneno yake yote. Ameomba niyafute yale aliyosema juu ya Roseline Amolo. Nimemweleza kwamba hayafutwi, bali anaweza kuongeza. Ameongeza: "Roseline alitaja." Kisha ameuliza iwapo binti yake atasomewa maelezo haya. Nimemjibu kwamba atasomewa. Ametia sahihi baada ya jibu hilo.

Koplo Idarusi