Kikombe Kilichofunikwa Sahani

Pampacalla, 20 Aprili 1997

Kwa kaka yangu Eleuterio,

Shikamoo kaka. Naanza kwa kukuuliza hali yako, ya wifi na ya watoto, na kama kile kikohozi cha Lima kimekuacha upumue. Sisi huku mlimani wazima wa mwili. Baridi imewahi, viazi vimezaa kuliko mwaka jana, na ng'ombe mwekundu ametuzalia ndama dume, mkorofi kama ulivyokuwa wewe.

Barua yako ilifika Jumatano. Unasema umeshaomba ruhusa kazini uje umwoze mdogo wetu Zenaida kwa niaba ya marehemu baba. Unasema ndoa itaifunika aibu iliyompata, na kwamba mapenzi huja ndani ya nyumba, mbona baba na mama walioana hawajuani na wakaishi pamoja mpaka kifo. Kaka, kabla hujakata tiketi ya basi, nisome mpaka mwisho.

Yaliyotokea kwenye sikukuu ya kijiji unayajua, siyarudii. Waliomvamia ni watatu: Wilber, mtoto wa Don Fortunato mwenye malori, binamu yake Rolando, na Percy, utingo wao. Zenaida alikwenda mwenyewe polisi kushtaki. Huko wakamuuliza kama alipiga kelele, kama alikuwa bikira, na sketi yake ilikuwa ndefu kiasi gani. Akajibu yote. Nilikuwa nimemshika mkono, ulikuwa wa baridi kama jiwe la mtoni.

Haukupita muda ikaja posa. Mimi unanijua, nikipewa yai nalitikisa kwanza. Percy aliletwa Jumapili moja baada ya misa, nami nasema aliletwa kwa sababu hakuja. Aliyebeba majani ya koka, gunia la sukari na chupa ya pombe ya miwa ni Don Fortunato. Aliyesema ni yeye pia. Alimwita mama "mkwe wangu" kabla hata hajakaribishwa kiti, akasema yaliyopita si ndwele, kijana ameungama na anampenda binti. Nikauliza kama huyo mpenzi mwenyewe ni bubu. Don akacheka, akasema eti shemeji ana ulimi wa pilipili. Percy alikuwa amejikunyata, miguuni viatu vinavyompwaya. Nikavitambua, ni vya Wilber. Tangu lini tajiri akahangaika kumwoza utingo wake, tena kwa msichana aliyemshtaki mwanawe? Nikasema moyoni, hapa pana jambo.

Jambo lenyewe nililipata redioni, katika kile kipindi cha akina mama cha lugha yetu ya Kikechua. Mwanasheria mmoja, mwanamke, alieleza kwamba kwa sheria ilivyo, mbakaji akimwoa aliyembaka, naye akiridhia, kesi inakufa. Wakiwa wengi, akioa mmoja wote wanatoka. Akasema zamani sheria ililinda heshima ya nyumba, mwanamke mwenyewe alikuwa kama ukuta uliopakwa tope. Baadaye ikaandikwa upya kwamba kinachovunjwa ni uhuru wake yeye, lakini mlango wa ndoa ukaachwa wazi. Sasa Bunge lilikuwa likibishana kuufunga. Kumbe ndiyo haraka yao! Utingo avishwe viatu, watatu watembee huru.

Nikamkimbilia mama. Aliendelea kumenya viazi, akaniambia anajua. Anajua! Kaka, kuanzia hapo nilimshuku mama yetu kuliko nilivyomshuku Don Fortunato. Gunia alilipokea. Kikombe cha pombe ya posa alikipokea pia, na wewe unajua kikishanywewa binti ametoka, hakuna kurudi. Hakukinywa, lakini hakukirudisha. Alikiweka juu ya meza ya baba akakifunika sahani. Akawaambia kwa upole kwamba mjane hanywi hivi hivi, wamlete baba wa ubatizo wa Percy. Walipomleta, akasema Kwaresima imeingia, hakuna posa za kunywa Kwaresima. Ikaja Pasaka, nao wakaja. Akasema mwanawe mkubwa ndiye ameshika nafasi ya baba, bila yeye hanywi. Ndipo ukaandikiwa wewe. Na kila walipokuja aliwachekea, akamwita yule Percy "mwanangu".

Zenaida alikonda. Aliniuliza kama mama amemchoka. Nikaenda kumwambia mama usoni kwamba anamuuza mtoto wake kwa gunia la sukari. Akaniambia nikachote maji.

Jumanne redio ikatangaza kwamba sheria imebadilika. Ndoa haiui tena kesi ya ubakaji. Alhamisi Don Fortunato akaingia bila hodi, safari hii na wakili. Wakili akadai kosa ni la kabla ya sheria mpya, atabishana, mradi ndoa ifungwe upesi. Mama akamwambia abishane anavyotaka, ila kwanza amtafute bibi harusi. Zenaida akatoka jikoni, akasema haolewi, atakwenda mahakamani. Alisema kwa sauti ambayo sijaisikia kwake tangu sikukuu. Mama akafunua sahani, akamkabidhi Don Fortunato kikombe chake, akamwambia akinywe mwenyewe, yeye kiu hana. Gunia lilikuwa mlangoni, mshono haujaguswa. Percy alilibeba. Viatu vilimtoka kwenye matope.

Nilipiga magoti kumwomba mama radhi. Alisema kama angewafukuza siku ya kwanza wangekwenda kwa wajomba, na wajomba wangekinywa. Kwa hiyo aliwashikilia hapa, kwa desturi zao wenyewe. Hakutuambia kwa sababu mimi, anasema, siri kwangu ni maji kwenye kikapu. Nikamuuliza ujanja ule wa ndoa aliujuaje kabla ya redio.

Kaka, kaa chini. Mama anasema naye aliletewa kikombe. Ilikuwa baada ya mavuno, alikuwa na miaka kumi na saba. Babu alikinywa siku hiyo hiyo, mbele yake, akasema jina la nyumba limesafishwa. Aliyekaa pembeni ameinamisha kichwa alikuwa Hilario. Baba yetu. Hawakuwa hawajuani, Eleuterio. Walijuana siku moja kabla, bondeni, na mama alipiga kelele.

Nimelia siku tatu. Nilimpenda baba, bado sijui nifanye nini na upendo huo. Lakini mama ameniamuru nikuandikie, kwa kuwa wewe ndiye uliyetoa mfano wa ndoa yao. Kuhusu mapenzi yanayokuja ndani ya nyumba, amenituma nikujibu hivi: yalikuja kwa ajili yenu watoto. Kwa ajili yake hayakuja.

Ruhusa yako usiirudishe. Njoo, ila njoo tumsindikize Zenaida mahakamani, na viazi vinangoja mikono. Wasalimie wifi na watoto. Mama anakusalimu, na anasema huna kosa la kuzaliwa.

Ni mimi dada yako,
Saturnina