Taa ya Moteri Imewaka Tena

Baba Divine,

Sombe iko mu sufuria, upashe tu. Divine atalala kwa dada yangu. Gari iko kwa fundi Kambale.

Leo asubuhi ile taa ya moteri iliwaka tena, mara ya ine. Nikapeleka gari kwa Kambale. Akaingia chini, akagonga ile katalizeri ya kusafisha moshi. Ikalia kama debe tupu.

"Mama, ndani hamuna kitu, ndiyo maana taa inarudi. Muzee hakukuambia? Ni yeye alisema niitoboe, gari ipate nguvu. Taa ikiwaka, ananiambia niizime na mashine tu."

Na weye, mbele ya Divine, ulisema ni miye natia gari esanse mubaya, sijue kuendesha. Nikakuomba musamaha! Mama yangu alipougua kule Fataki, ukaninyima funguo: "Utaniulia moteri. Ngoja itengenezwe." Nikangoja. Mama akafariki mu ile wiki.

~~Nitarudi mangaribi, tuongee.~~

Naenda Fataki na pikipiki, ku kaburi yake. Nitamwambia kwa nini sikukuja.

Ufunge kuku.

Mama Divine