Mpira Uliompita Nicanor

Mtaa wa Méndez Vigo,
Mayagüez, Puerto Rico,
11 Februari 1953

Mpendwa kaka Heriberto,

Baridi ya huko inakutendeaje? Redio inasema theluji imewafunika, na Mama haachi kukiwaza kifua chako. Kama sweta aliyokufumia inakubana, sema afume nyingine. Sisi ni wazima. Mguu wa Mama umepungua uvimbe, nami bado natarizi leso kule kiwandani.

Najua umekwisha kusikia habari za Jumapili, maana watu wetu wa Brooklyn kwa maneno hawajambo. Utakuwa umeambiwa kwamba Nicanor, mdogo wetu, ndiye aliyetupotezea fainali ya besiboli. Mimi nilikuwepo uwanjani, kaka. Nisikilize mimi.

Ulikuwa mchezo wa roho juu. Crisanto, mrushaji wetu, aliwabana wapinzani wetu wa Ponce mchana kutwa, na tulifika awamu ya tisa, ya mwisho, tukiongoza mbili kwa moja. Tulibakiza kumtoa mtu mmoja tu, mchezo uishe. Wao walikuwa na wakimbiaji wawili, kituo cha pili na cha tatu. Mpigaji wao akagonga mpira legelege, ukaja unatambaa mpaka kwa Nicanor. Watu walikwisha kuanza kurusha kofia.

Ukampita katikati ya miguu.

Wakimbiaji wote wawili wakafika kituo cha nyumbani, pointi mbili hizo. Zamu yetu ya mwisho ya kupiga haikuzaa kitu, tukalala tatu kwa mbili.

Matusi niliyoyasikia siyaandiki yote. Nyuma yangu bwana mmoja alikuwa akipiga kelele, "Wee Nicanor, funga mlango, upepo unaingia!" Nikamgeukia nikamwambia yule ni ndugu yangu. Akavua kofia: "Basi pole sana, dada. Na wewe umepata hasara."

Nicanor alibaki amesimama palepale, kama mtu aliyesahau njia ya kwao. Ni Crisanto aliyemwendea, yeye ambaye jasho lake lote lilikuwa limepotea bure. Akaiokota glavu ya Nicanor, akamshika bega, wakatoka pamoja langoni huku wakirushiwa maganda ya machungwa. Crisanto alirushiwa sawasawa naye, asimwache.

Jumatatu Nicanor alijifungia chumbani. Akasema hachezi tena, atakuja kwako kuosha vyombo hotelini, mahali ambapo hakuna anayemjua. Mama hakubishana naye. Alimgongea mlango tu: "Vaa viatu. Leo wewe ndiye utakayenibebea kikapu."

Unalijua soko letu. Kabla hatujafika penye ndizi, Don Fundador, muuza kuku, akaanza kumwita Mama, "Doña Eduvigis, huyo usimpe mayai! Atayapitisha miguuni!" Soko zima likaangua kicheko. Nicanor akainamisha kichwa.

Mama akaweka mkono kiunoni. "Fundador, siku ya maziko ya baba yako, jeneza lilikuponyoka mlangoni mwa kanisa. Nani alikucheka?"

Mzee wa watu akajifuta uso kwa aproni. "Hakuna, Doña," akasema. Kisha akamgeukia Nicanor: "Nisamehe, mwanangu. Nimekuwa nikipiga kelele tangu Jumapili, nikashindwa kuacha."

Njiani Nicanor alilia. Mama alikaza mwendo mbele, akijifanya hasikii, ili alie vizuri.

Leo asubuhi Crisanto alikuja kumchukua, wakaenda ufukweni kurushiana mpira. Bado hajasema kama anabaki au anakuja huko. Kwa hiyo nakuomba, mwandikie, lakini usimpe pole. Amepewa pole nyingi mpaka zimemwelemea. Mwulize tu msimu ujao unaanza lini.

Msalimie sana shemeji Aurelia, na umbusu Ramonita kwa niaba yetu. Mama anakutumia baraka zake zote. Mungu akulinde na barafu za barabarani, na akurudishe kwetu ungali na meno ya kulia miwa.

Ni mimi dada yako, nikupendaye bila kupungua,
Providencia